Injini Hii Ni Yake? Land Rover na Land Cruiser Kuukuu za Kanda ya Ziwa Mbele ya Ushahidi

Anayeuza Land Rover 109 au Land Cruiser ya miaka ya themanini mjini Mwanza hakosi sentensi moja: injini ni yake mwenyewe, haijaguswa. Sentensi hiyo hupandisha bei, na huipandisha zaidi pale mnunuzi anapokuwa mwenye kambi ya watalii upande wa Lamadi au mkusanyaji wa magari ya kale aliyetoka Ulaya. Mara nyingi msemaji hadanganyi. Anarudia alichoambiwa na aliyemuuzia, ambaye naye aliambiwa vilevile. Ubishi ukizuka, watu hufungua boneti na kuitazama injini: wasome namba, wasikilize mngurumo, waangalie kama boliti zimechubuka. Hoja yangu ni kwamba wanaanzia pabaya. Injini ni shahidi dhaifu wa asili yake yenyewe, kwa sababu katika vitu vizito vya gari ndiyo inayotoka na kuingia kirahisi kuliko vyote. Winchi ya mnyororo, tawi imara la mwembe na fundi anayeijua kazi vinatosha. Swali la injini hujibiwa na chasisi, na karatasi, na matundu yasiyo na kazi kwenye bati linalotenganisha injini na dereva. Tena jibu lake lina nguvu upande mmoja kuliko mwingine. Kuthibitisha kwamba injini imebadilishwa kunawezekana, pengine kwa dakika kumi. Kuthibitisha kwamba haijabadilishwa ni kazi nyingine kabisa, na kwa magari mengi ya Kanda ya Ziwa kazi hiyo haimaliziki bila kumbukumbu zilizotunzwa nje ya gari lenyewe.

Kwanza tujue tunauliza nini, maana maneno "injini ya kiwandani" hubeba madai matatu tofauti na muuzaji huruka kutoka moja hadi jingine bila kujua. Dai la kwanza ni la aina: gari hili lilitoka kiwandani na injini ya namna hii, tuseme dizeli ya Land Rover au 2H ya Toyota, na ya namna hiyo ndiyo iliyomo. La pili ni la injini ileile: bloku hii, yenye namba hii, ndiyo iliyofungwa siku gari lilipoundwa. La tatu ni la yaliyomo ndani: pistoni, krenki, silinda hedi na pampu havijawahi kubadilishwa. Dai la tatu tuliweke kando mapema. Injini iliyofanya kazi miaka arobaini kwenye vumbi la Sengerema na Misungwi bila kuchongwa silinda wala kuwekewa pistoni za ovasaizi ni nadra mno, na fundi aliyeijenga upya bloku ya asili ameihifadhi asili hiyo, hakuivunja. Ubishi wa kweli uko kwenye dai la kwanza na la pili, na ushahidi wa moja hautoshi kwa lingine.

Historia ya nchi inatupa sababu ya kuanza na shaka. Land Rover zilizozagaa kusini mwa ziwa katika miaka ya hamsini na sitini zililetwa kwa kazi: mabwana shamba wa pamba wa Ukiriguru, misheni, serikali, na vyama vya ushirika vilivyokuwa chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililoundwa 1955 na ambalo jina la Paul Bomani, aliyeliongoza, haliwezi kutenganishwa nalo. Magari hayo yalihama mikono kwa amri za serikali kuliko kwa mauzo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976 na kazi zake zikaangukia mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Katikati ya hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza magari ya raia na ya mashirika kubebea askari na mizigo. Fedha za kigeni zilikauka na spea zikakauka nazo. Gari ambalo krenki yake ilivunjika 1981 lilikuwa na njia mbili: kuegeshwa juu ya matofali, au kupewa injini ya jirani yake aliyekwisha kuegeshwa. Karakana za mashirika zilifanya uamuzi huo wa pili mara nyingi, na zilifanya vema, kwani bila hivyo pamba isingetoka mashambani. Utaratibu wa 1984 ulioruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni alizonazo mwenyewe ulifungua mlango wa pili, wa injini za mitumba kutoka Japani na Dubai. Kwa hiyo gari lililopita vipindi hivyo vyote likiwa na bloku yake ya kwanza lipo, lakini ndilo linalohitaji maelezo. Mzigo wa uthibitisho uko kwa anayedai asili.

Tuanze na Land Rover, ambayo namba zake zinasema mengi kwa anayejua kuzisoma. Kwenye magari ya Series IIA, yaliyotoka 1961 hadi 1971, na Series III ya miaka ya sabini yaliyofuata, tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chasisi ni lugha kamili. Namba inayoanza na 252 ni ya 109 ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. 277 ni gari lilelile likiwa la dizeli. Kwa Series III mfano wa kwanza ni 912 na wa pili ni 917. Namba hiyo haikuandikwa kwenye kibati tu. Iligongwa pia kwenye chasisi yenyewe, mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa, mahali ambapo tope la miaka limeificha lakini brashi ya waya huirudisha. Hapo ndipo maana ya hoja yangu inapoonekana. Injini ya petroli ya lita mbili na robo na ile ya dizeli ya ukubwa huohuo zina ujazo ulio sawa kabisa, cc 2,286; zinakaa kwenye mauntingi zilezile na kushikana na giaboksi ileile. Aliyetoa petroli akaweka dizeli hakuhitaji kuchomelea kitu. Ukiitazama injini peke yake utaona dizeli ya Land Rover ndani ya Land Rover, safi, imekaa kama ilizaliwa humo. Ukiisoma chasisi ukakuta 252, mjadala umekwisha: gari hili liliondoka kiwandani Solihull, Uingereza, likinywa petroli.

Mabadiliko kama hayo huacha vitu vidogo nyuma yake hata pale chasisi isiposomeka. Gari la petroli lilikuwa na koili, na koili ilifungwa kwa skrubu. Matundu yake hubaki kwenye bati hata baada ya koili kwenda. Dizeli huhitaji bomba la kurudisha mafuta ya ziada kwenye tangi, na tangi lililotengenezewa petroli litakuwa limetobolewa kwa mkono ili bomba hilo lipite. Dizeli ya kiwandani ina taa ya hita plagi kwenye dashibodi na swichi yake. Ya kubadilishiwa mara nyingi ina kitufe kilichobandikwa mahali popote penye nafasi. Upo pia mpaka wa miaka usiovukika. Krenki ya beringi tano iliingia kwenye injini hizi 1980. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. Series IIA yenye beringi tano imebadilishiwa injini, au angalau bloku, haijalishi kadi inasema nini wala babu aliyeinunua ni nani. Vivyo hivyo dizeli ya lita mbili na nusu, iliyoanza 1984, haiwezi kuwa ya asili ndani ya gari la miaka ya sabini, ingawa kwa sura ni ndugu wa karibu wa ile ya zamani na asiyezoea hawezi kuzitofautisha.

Kesi rahisi kuliko zote ni ya Land Rover yenye injini ya Isuzu au ya Toyota, na si ajabu kuikuta kwenye gereji za Nyakato na Igoma. Hapo hakuna anayedai asili. Naitaja kwa sababu inafundisha macho. Injini ngeni inahitaji bamba la kuiunganisha na giaboksi, mauntingi mpya zilizochomelewa kwenye chasisi, rejeta iliyosogezwa mbele au kubadilishwa, mara nyingine propela shafti iliyokatwa na kuungwa. Injini hiyo ikitolewa baadaye na ya Land Rover ikarudishwa ili gari lipendeze machoni pa mnunuzi wa Ulaya, alama zote hizo hubaki. Mauntingi ya zamani itakatwa kwa grenda, lakini mshono wa kuchomelea na kivuli cha joto kwenye chuma havipotei kwa rangi. Basi gari linaweza kuwa na injini ya aina sahihi kabisa, ya mwaka sahihi, na bado chasisi ikaeleza kwamba palikuwa na kitu kingine hapo katikati. Atazamaye injini tu hataliona hilo kamwe.

Huku ziwani tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana. Mwili wa Land Rover ni wa aloi ya alumini na haupati kutu ya kuutisha, ila chasisi yake ni chuma cha kisanduku, na hewa ya chumvi ya Tanga au Dar es Salaam huila kutoka ndani hadi namba iliyogongwa ikaanguka pamoja na ganda la kutu. Maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, yasiyo na chumvi. Gari lililokaa Mwanza, Musoma au Bukoba maisha yake yote lina nafasi kubwa ya kuwa na chasisi yake ya kwanza, namba ikisomeka. Kwa maana hiyo magari ya kanda hii ni mashahidi bora kuliko wenzao wa pwani, na inasikitisha kuona chasisi hizo zikipigwa rangi nzito ya lami na wauzaji wanaodhani weusi unaong'aa ndio uzima. Rangi hiyo inafunika ushahidi pekee usio na mpinzani.

Toyota ni lugha nyingine, na kwa upande mmoja ni rahisi zaidi. Jina la modeli lenyewe hutaja injini. Herufi F mbele ya J ni petroli ya silinda sita, B ni dizeli ya silinda nne, H ni dizeli ya silinda sita, HZ ni familia ya 1HZ. HJ47 ilitoka na 2H ya cc 3,980; HZJ75, iliyoanza 1990, ilitoka na 1HZ ya cc 4,164. Kibati kilicho chini ya boneti cha magari yaliyouzwa nje ya Japani huandika modeli, kisha aina ya injini na ujazo wake, kisha namba ya chasisi, ambayo imegongwa pia kwenye reli ya kulia upande wa mbele. Ukikuta kibati na reli vinasema HJ75, gari la miaka ya themanini, huku bloku ikianza na 1HZ, huna haja ya kuuliza zaidi. Lakini msimbo haumalizi kila kitu. FJ45 ni jina lililovaliwa na injini ya F ya cc 3,878 na vilevile 2F ya cc 4,230 iliyoingia 1975, kwa hiyo hapo msimbo bila mwaka haukupi jibu. Ni lazima kibati kisomwe chote.

Ugumu halisi wa Toyota uko mahali ambapo watu wanadhani ni rahisi. HZJ75 yenye 1HZ ndani yake, kibati kikikubali na reli ikikubali, imethibitisha nini? Imethibitisha dai la kwanza tu, la aina. 1HZ ni injini iliyoendelea kutengenezwa miongo mitatu na zaidi, na nyingi zilizochomolewa kwenye magari ya Ghuba na Japani zimeingia nchini bila magari yake. Wimbi la wakimbizi wa Rwanda la 1994 lilileta Ngara na Karagwe magari ya misaada kwa wingi, ya aina hiihii, na kazi ilipopungua mengi yalipigwa mnada pamoja na vipuri vyake. Migodi ya Geita ikafuata na magari yake. Injini iliyotoka kwenye moja inaingia kwenye nyingine bila kubadilisha hata boliti. Kadiri injini ilivyofanikiwa na kudumu sokoni, ndivyo kulingana kwa aina kunavyokuwa na uzito mdogo kama ushahidi wa asili. Land Rover ya petroli ya silinda sita, iliyokuwa ya wachache tangu ilipoingia kwenye 109 mwaka 1967, ikikutwa na injini yake ya silinda sita inashawishi zaidi, kwa sababu hapakuwa na rundo la injini za namna hiyo za kuchukua. Mnunuzi mwenye busara apime uwingi wa injini sokoni kabla ya kufurahia kwamba aina imelingana.

Sasa namba iliyoko kwenye bloku. Kwenye injini za Land Rover za silinda nne hugongwa upande wa kushoto, mbele, kwenye kipande kilicholainishwa kwa mashine karibu na manifodi. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni uso wa kipande hicho, kabla ya tarakimu zenyewe. Mashine ya kiwandani huacha mistari myembamba inayokwenda upande mmoja; uso uliosuguliwa kwa msasa au grenda hauna mistari hiyo, au una ya kuzungukazunguka. Tarakimu zilizogongwa kwa mkono moja baada ya nyingine hupanda na kushuka, na kina chake hakilingani. Polisi wa uchunguzi wana njia ya kupaka kemikali ili namba iliyofutwa ijitokeze, kwa kuwa nyundo hugandamiza chuma hata chini ya tarakimu inayoonekana; ila chuma cha kusubu cha bloku hutoa matokeo hafifu kuliko chuma cha chasisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiamini chasisi kwanza. Chuma cha kusubu nacho mara nyingi hutoka tanuruni na namba ya spea na alama ya tarehe. Mantiki yake haina mwanya: bloku iliyosubiwa baada ya gari kuundwa haiwezi kuwa ya gari hilo. Iliyosubiwa miezi michache kabla inawezekana, na hapo ndipo inapoishia.

Ipo pia hali inayowaponza hata waangalifu, nayo ni bloku isiyo na namba kabisa. Wengi huona uwazi huo na kusema gari la wizi. Huenda, lakini viwanda viliuza bloku za akiba, na bloku mpya ya akiba kwa kawaida huja bila namba ili karakana igonge ile ya zamani au iache wazi. Shirika la umma lililoagiza bloku kutoka kwa wakala rasmi wakati fedha zilipopatikana lilifanya jambo halali na zuri. Bloku hiyo ni ya kiwanda, si ya asili, na si ya wizi. Ndani ya sentensi ya muuzaji mambo haya matatu hayatenganishwi, na ndiyo sababu ninasisitiza tutenganishe madai kabla ya kubishana.

Atakuja anayesema haya yote ni kujisumbua, kwa kuwa kadi ya gari ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ina namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta. Vikilingana na vilivyomo, injini ni yake. Pingamizi hili ni zito kwa sababu kadi ni hati ya serikali. Lakini hati hushuhudia siku ilipoandikwa. TRA ilianza kazi 1996. Gari la 1968 limeingizwa kwenye kumbukumbu zake kutoka kwenye kadi za zamani, au kwa ukaguzi uliofanywa gari likiwa tayari na umri wa kutosha kuwa limebadilishwa injini mara mbili. Magari yaliyotoka serikalini na kuuzwa kwa mnada yalipata namba mpya za usajili kwa mnunuzi wa kwanza wa kiraia, na namba ya injini iliyoandikwa ni ile iliyokuwamo siku hiyo. Kulingana kwa kadi na injini kunaonyesha kwamba injini haijabadilishwa tangu kadi hiyo, au kwamba ilibadilishwa na mwenye gari akatimiza wajibu wa kubadili taarifa baada ya ukaguzi wa polisi. Jambo hilo ni muhimu sana kisheria, ila halituambii lolote kuhusu Solihull wala Japani. Safu ya mafuta hata hivyo ina faida ambayo watu huipuuza: kadi ya Land Rover inayosema dizeli huku chasisi ikianza na 252 inathibitisha mabadiliko kwa maandishi ya serikali yenyewe. Safu ya ujazo haisaidii, maana cc 2,286 ni zilezile.

Pingamizi la pili ni la umiliki mmoja. Gari lilikuwa la misheni tangu jipya, halijawahi kuuzwa, dereva wake aliliendesha hadi akastaafu na anasema injini haikutoka. Sipuuzi ushuhuda huo, na dereva aliyelihudumia gari miaka ishirini anajua mambo ambayo hakuna kibati kinachoyajua. Lakini wamiliki wakubwa, yaani misheni, serikali, ushirika na hospitali, ndio waliokuwa na magari mengi ya aina moja na karakana zao wenyewe, kwa hiyo ndio waliobadilishana injini kwa urahisi zaidi bila kununua na bila risiti. Gari likiingia karakana Ijumaa na kutoka Jumatano, dereva alipewa funguo. Hakupewa orodha ya kilichofanyika. Kinachoweza kuupa ushuhuda wake nguvu ni daftari la gari na karatasi za kazi za karakana, na hizo wakati mwingine zipo, zimefungwa kamba ndani ya kabati la ofisi. Mwenye gari la namna hiyo azitafute kabla ya kumtafuta mnunuzi.

Kwa Land Rover ipo hatua moja inayoweza kufunga hoja ya dai la pili. Kumbukumbu za uzalishaji zinatunzwa British Motor Museum huko Gaydon, Uingereza, ambako mwenye gari anaweza kuomba cheti kwa kutoa namba ya chasisi. Cheti hicho huonyesha gari liliundwa lini, lilipelekwa wapi, na kwa magari mengi, namba ya injini iliyofungwa. Namba hiyo ikilingana na iliyoko kwenye bloku yenye uso wa mashine usioguswa, basi tumefika mbali kadiri inavyowezekana kufika. Ona jinsi njia ilivyokwenda: tumeanza na chasisi, tukavuka bahari, ndipo tukarudi kwenye injini ikiwa ya mwisho. Kwa Toyota usitegemee kibati kikufikishe huko, kwa kuwa hicho cha magari yaliyouzwa nje hutaja aina ya injini na si namba yake. Mwenye HZJ75 atategemea karatasi za uagizaji za mwanzo, kama alizitunza.

Hata Gaydon ina mpaka wake, na mpaka huo unatugusa sisi hasa. Land Rover nyingi za Afrika Mashariki hazikuundwa Solihull. Ziliondoka Uingereza zikiwa vipande ndani ya makreti na kuunganishwa huku, na kiwanda cha Leyland Kenya cha Thika, kilichoanzishwa 1974, ndicho kinachojulikana zaidi. Namba za chasisi hutambulisha magari hayo pia: kwa Series III, 913 ni petroli ya vipande yenye usukani kulia na 918 ni dizeli. Kwa gari la namna hiyo aliyeamua bloku ipi ikae juu ya chasisi ipi ni mfanyakazi wa huku kwetu, na kumbukumbu ya Uingereza inaweza kuishia kwenye kreti. Wakusanyaji wengine wa Ulaya huyahesabu magari hayo kuwa ya daraja la chini kwa sababu asili yake haithibitiki kwa cheti. Siwakubali. Kiwanda kilichounda gari ndicho kiwanda chake, na gari lililounganishwa Thika lina asili kamili ya Thika. Mnunuzi wa Mwanza ana kipimo kingine cha ziada hapa: mpaka ulifungwa Februari 1977 hadi Novemba 1983, basi gari la Thika lenye usajili wa Tanzania ndani ya miaka hiyo linadai maelezo ya lilivyoingia kabla hata hatujaifikia injini.

Wapo watakaosema gari ni la kubeba watu na mizigo. Likiwaka asubuhi na kupanda mlima, asili yake ya nini? Kwa anayeenda kununua dagaa Ukerewe hoja hiyo inatosha, na simlaumu. Tatizo huanza pale soko linapolipa ziada kwa neno "asili", kwa kuwa ziada hiyo imewafundisha watu wachache kufanya jambo baya: kusaga namba ya injini iliyobadilishwa kihalali na kugonga ile inayosomeka kwenye kadi ya zamani. Kwa kitendo hicho gari lenye historia ya kweli, ya karakana ya mamlaka ya pamba iliyohangaika 1982 ili pamba ifike ginari, linageuzwa kuwa gari lenye namba ya kughushi, ambalo polisi wana haki ya kulishikilia na mnunuzi ana haki ya kudai fedha yake. Wakusanyaji nao wana sehemu ya lawama hapo, wanapokataa hata kuliangalia gari lenye injini ya pili iliyoelezwa vizuri. Land Rover ya 1966 yenye chasisi 252, dizeli iliyoingizwa miaka ya themanini, kadi iliyobadilishwa kutoka petroli na karatasi ya karakana inayosema injini ilitoka wapi, ina ushahidi kamili zaidi kuliko jirani yake isiyo na kitu ila neno la muuzaji. Bei ya hizo mbili leo inakwenda kinyume cha ushahidi wake, na mikataba ya mauziano inasaidia jambo hilo kuendelea, kwani mingi huandika namba ya injini peke yake na kuacha kusema kama ni ya kwanza, ya pili, au haijulikani.